Kufuatilia Maendeleo Yako Katika Mazoezi ya Kila Siku ya Kumbukumbu Tendaji: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Watu wengi huanza mazoezi haya kwa bidii, huona namba za programu zikipanda, kisha baada ya mwezi hawajui kama kuna kilichobadilika nje ya ile simu. Majibu haya yanahusu namna ya kupima kwa uaminifu: uandike nini, uhesabu nini, na namba zipi usiziamini.

Kumbukumbu tendaji ni kitu gani?

Ni uwezo wa kushika jambo kwa sekunde chache huku ukilifanyia kazi. Mama ntilie anayebeba kichwani oda tatu, wali maharage, ugali samaki na chipsi kavu, huku akihesabu chenji ya mteja wa nne, anautumia. Anayejumlisha 47 na 38 bila kalamu anautumia pia: 7 na 8 zimetoa 15, ameandika 5 kichwani, amebeba 1, na wakati huohuo hajaipoteza 4 wala 3. Kukumbuka jina la mwalimu wako wa darasa la kwanza ni kitu kingine, hiyo ni kumbukumbu ya muda mrefu.

Wanasaikolojia Alan Baddeley na Graham Hitch walieleza mwaka 1974 kwamba kuna sehemu inayoshika sauti, sehemu inayoshika picha na mahali, na msimamizi anayegawa umakini kati ya sehemu hizo. Kuhusu ukubwa wake, George Miller aliandika mwaka 1956 kuhusu vitu kama 7. Nelson Cowan, mwaka 2001, alionyesha kwamba mtu akizuiwa kuunganisha vitu kwenye mafungu, idadi hushuka hadi karibu 4. Kumbuka neno hilo "mafungu", kwa sababu ndilo linaloharibu vipimo vya watu wengi.

Zoezi lenyewe linafanywaje?

Yako mengi, lakini linalofuatilika vizuri zaidi ni la N-nyuma. Lilianzia kwa Wayne Kirchner mwaka 1958. Unaonyeshwa au kusomewa ishara moja baada ya nyingine, na unabonyeza kila ishara ya sasa inapolingana na ile iliyopita hatua N nyuma. Chukua 2-nyuma, herufi zikiwa K, T, K, L, S, L, R. Unabonyeza kwenye K ya pili, kwa kuwa hatua mbili nyuma kulikuwa na K, na kwenye L ya pili. Basi. Zingekuja S, R, R, usingebonyeza: R imejirudia hatua moja nyuma, si mbili. Huo ndio mtego unaokamata wengi.

N-nyuma pacha (kwenye programu utaikuta kwa jina la Dual N-Back) inaunganisha mikondo miwili kwa wakati mmoja: herufi unayoisikia, na mraba unaotokea katika mojawapo ya nafasi 8 kwenye kioo. Kila mkondo una kitufe chake.

Siku moja inatosha dakika ngapi?

Dakika 25 hivi. Utafiti wa Susanne Jaeggi na wenzake wa mwaka 2008, uliolifanya zoezi hili lijulikane duniani, ulitumia raundi 20 kwa siku. Kila raundi ilikuwa na ishara 20 jumlisha N, na kila ishara ilichukua sekunde 3: nusu sekunde ya kuonekana na sekunde 2.5 za kusubiri. Ukiwa kwenye 2-nyuma, hizo ni ishara 22, yaani sekunde 66 kwa raundi na dakika 22 kwa raundi 20, bila mapumziko. Weka sekunde 15 hadi 20 kati ya raundi.

Ukibanwa na muda, raundi 10 kila siku ni bora kwa ufuatiliaji kuliko raundi 20 leo, 4 kesho na 0 keshokutwa. Muhimu idadi isibadilike, kwa sababu raundi za mwanzo na za mwisho hazifanani: za mwanzo akili haijachangamka, za mwisho imechoka. Wastani wa raundi 5 za kwanza hauwezi kulinganishwa na wastani wa raundi 20.

Nipande na kushuka kwa kanuni gani?

Chagua moja na usiiguse. Ya utafiti wa 2008 ni rahisi. Katika kila raundi kuna ishara 6 za kulengwa kwa kila mkondo. Makosa yakiwa chini ya 3 katika kila mkondo, raundi inayofuata N inapanda kwa 1. Yakizidi 5, N inashuka kwa 1. Vinginevyo unabaki ulipo. Programu nyingi za bure zinafanya hivyo zenyewe, lakini baadhi zina kanuni tofauti, au zinakuruhusu kubadilisha mipangilio katikati ya safari. Ukibadilisha kanuni, kasi ya ishara au idadi ya nafasi, chora mstari kwenye daftari na uanze kuhesabu upya. Namba za juu ya mstari na za chini ya mstari si za familia moja.

Kila siku niandike nini?

Daftari la kawaida la mistari linatosha, au lahajedwali kwenye simu. Tungekushauri daftari: linafunguka bila bando, na halikupi mchoro wa rangi wa kukufurahisha kabla ya wakati. Andika mstari mmoja kwa siku, mara tu unapomaliza:

tarehe, saa uliyoanza, idadi ya raundi, wastani wa N, Pata, Pitwa na Bure kwa herufi, Pata, Pitwa na Bure kwa mraba, saa za usingizi wa jana, neno moja la hali.

Wastani wa N unapatikana kwa kujumlisha N ya kila raundi na kugawa kwa idadi ya raundi. Kama raundi 6 zilikuwa kwenye 2, raundi 10 kwenye 3 na raundi 4 kwenye 4, basi ni 12 + 30 + 16 = 58, gawa kwa 20, unapata 2.9.

Pata ni mara ulizobonyeza ilipotakiwa. Pitwa ni mara ulipotakiwa kubonyeza ukaacha. Bure ni mara ulizobonyeza bila sababu. Ukikosa nafasi ya kuandika yote, acha usingizi na hali, lakini Bure usiiache kamwe. Sababu iko kwenye swali la "asilimia" hapa chini.

Neno la hali liwe fupi na la kweli: "mafua", "kelele", "njaa", "safari", "sawa". Usiandike "vibaya" au "vizuri", kwa kuwa hilo tayari namba zinalisema.

Jihadhari na saa. Simu inaandika 07:00, mdomo unasema saa moja, na baada ya wiki tatu hutajua kama "saa 1" kwenye daftari ilikuwa asubuhi ya Kiswahili au saa saba mchana ya simu. Amua mfumo mmoja siku ya kwanza, na uandike kwenye jalada ni upi.

Kwa nini wastani wa N, na si N ya juu kabisa niliyofika?

Kwa sababu N ya juu ni ya bahati zaidi. Kila raundi ya ziada unayocheza ni tiketi nyingine ya kubahatisha, hivyo rekodi itapanda hata kama wewe hujabadilika. Pia haishuki kamwe: ukishafika 5 mara moja, "rekodi yako ni 5" hadi mwaka ujao, hata kama kila siku unazunguka kwenye 3. Programu hupenda kukuonyesha namba hiyo kwa herufi kubwa. Isome, ufurahi, usiiandike.

Programu inasema nimepata asilimia 70. Si vibaya, au vipi?

Inategemea asilimia hiyo imehesabiwaje. Fikiria raundi ya 2-nyuma yenye ishara 22. Mbili za kwanza haziwezi kulingana na chochote, zinabaki 20. Kati ya hizo, 6 ndizo za kulengwa. Mtu akiweka simu mezani akaenda kuchota maji, bila kubonyeza hata mara moja, atakuwa "sahihi" mara 14 kati ya 20. Hiyo ni asilimia 70 kwa kutofanya kitu.

Ndiyo maana tunahesabu hivi: Pata, gawa kwa jumla ya Pata, Pitwa na Bure. Aliyeenda kuchota maji anapata 0. Aliyepata 5, akapitwa 1 na kubonyeza bure 2, ana 5 kwa 8, yaani asilimia 63. Anayebonyeza kila kitu anapata 6 kwa 20, asilimia 30, badala ya kujisifu kwamba hakupitwa na hata moja.

Kuziweka Pitwa na Bure mbalimbali kunakueleza kinachoharibika. Bure zikiwa nyingi na Pitwa chache, unakamatwa na mitego ya hatua moja nyuma au tatu nyuma: unaitambua herufi lakini umepoteza mpangilio. Pitwa zikiwa nyingi na Bure chache, umezidi woga, au umeziacha ishara zipite kwa sababu ulikuwa bado unahangaika na ile iliyotangulia. Na kama mkondo wa herufi ni mzuri huku wa mraba ukizama, umakini wako wote uko masikioni. Kwa siku mbili tatu fanya raundi chache za mraba peke yake, ukizihesabu pembeni, nje ya wastani wa siku.

Wiki ya kwanza nilipanda kutoka 1.8 hadi 2.9. Wiki ya tatu nimekwama 3.1. Nimefanya kosa gani?

Hakuna kosa. Siku za mwanzo unajifunza mchezo: vitufe viko wapi, mdundo wa sekunde 3, namna ya kunong'ona herufi kichwani huku ukishika mahali pa mraba. Kupanda huko ni kwa kweli, lakini ni ujuzi wa zoezi. Ndiyo sababu siku 5 za kwanza hazifai kuwa mahali pa kuanzia kulinganisha. Ziandike, zizungushie penseli, kisha siku 10 zinazofuata ziite siku za msingi. Maendeleo yote yapimwe kutoka hapo.

Kusimama kwa wiki mbili au tatu baada ya hapo ni jambo la kawaida. Usijaribu kukimbia hali hiyo kwa kuongeza raundi hadi 40. Unachovuna ni uchovu, na wastani wako utashuka.

Leo nimeshuka hadi 2.3. Je, nimerudi nyuma?

Siku moja haisemi kitu. Tumia namba ya kati ya wiki: panga wastani wa siku tano kuanzia mdogo hadi mkubwa, chukua wa katikati. Siku za 2.6, 2.9, 2.3, 3.0 na 2.8 zinapangika 2.3, 2.6, 2.8, 2.9, 3.0, na namba ya wiki ni 2.8. Ile siku ya 2.3 uliyolala kwa saa nne tu haikuharibu wiki. Ungetumia wastani wa kawaida ingekuburuta chini.

Kabla ya kulaumu akili, angalia vyombo. Vipokea sauti vya bluetooth huchelewesha sauti, na katika N-nyuma pacha herufi inaweza kukufikia mraba ukiwa umeshatokea. Tumia vya waya. Simu ikiingia hali ya kuokoa chaji inaweza kusitasita, ishara zikabanana. Ujumbe unaoshuka juu ya kioo unaiba ishara moja au mbili, na katika 3-nyuma kupoteza ishara moja kunavuruga zote tatu zinazofuata. Weka simu kwenye hali ya ndege. Zoezi halihitaji intaneti.

Nitajuaje kwamba tofauti ni ya kweli?

Rudi kwenye zile siku 10 za msingi. Tafuta ya chini kabisa na ya juu kabisa, tuseme 2.4 na 3.1. Huo ndio upana wako wa kawaida, mawimbi ya kila siku. Kanuni yetu ya mkono: usihesabu kuwa umepanda mpaka namba ya kati ya wiki ipite ile ya juu kabisa ya msingi, yaani ivuke 3.1, kwa wiki mbili mfululizo. Ni kanuni kali kwa makusudi. Mtu aliyeweka bidii ya mwezi mzima anatamani sana kuona amepanda, na kanuni legevu itampa anachotamani.

Wastani wa N umepanda kweli. Je, kumbukumbu yangu imeongezeka?

Umekuwa hodari zaidi wa N-nyuma. Ili kusema zaidi ya hapo unahitaji kipimo usichokifanyia mazoezi, na hapa ndipo wengi hawafiki.

Kipimo rahisi ni orodha ya tarakimu. Mtu mwingine anakusomea kwa sauti isiyopanda wala kushuka, tarakimu moja kwa sekunde, nawe unarudia. Anza na orodha mbili za tarakimu 3, kisha mbili za 4, na kuendelea hadi 9. Simama ukikosa zote mbili za urefu mmoja. Baada ya hapo fanya kinyumenyume: akisoma 2, 8, 5, wewe unajibu 5, 8, 2. Cha kinyumenyume ndicho kinachogusa kumbukumbu tendaji zaidi, maana unashika na kugeuza kwa pamoja. Hesabu jumla ya orodha sahihi badala ya urefu wa juu tu. Mtu aliyeshinda orodha 7 na aliyeshinda 8 wanaweza wote kuwa na "urefu wa 6", na tofauti yao ingepotea.

Orodha za tarakimu utazipata wapi? Tokeni za zamani za LUKU, au za umeme wa Kenya, zina tarakimu 20 zisizo na mpangilio unaoweza kuukisia. Tokeni moja inakupa orodha ya 3, ya 4, ya 5 na ya 6, na mbili zinabaki. Ruka sehemu yenye tarakimu ileile mara mbili mfululizo, kwa sababu 7, 7 inashikika kama kitu kimoja. Usitumie namba za simu: nyingi zinaanzia 07 au 06 na tayari unazijua mwanzo wake.

Pima mara tatu kwa siku tatu tofauti kabla ya kuanza mazoezi, kisha uchukue matokeo ya kati. Rudia vilevile mwisho wa wiki ya 4 na ya 8. Usipime kila siku, maana hapo kipimo nacho kitageuka kuwa zoezi. Kuongezeka kwa orodha moja tu hakuhesabiki.

Nisome tarakimu kwa Kiswahili au kwa Kiingereza?

Yoyote, ila iwe ileile kila mara. Hili si dogo. Baddeley na wenzake walionyesha mwaka 1975 kwamba tunashika takriban kile tunachoweza kukitamka kwa sekunde 2. Moja, mbili, tatu, nne, tano zote zina silabi mbili, na sifuri ina tatu. Tarakimu za Kiingereza karibu zote zina silabi moja. Tofauti ya namna hii ilishapimwa kati ya Kiwelisi na Kiingereza mwaka 1980: watu walewale, wenye lugha zote mbili, walishika tarakimu chache zaidi kwa Kiwelisi kwa kuwa huchukua muda mrefu kuzitamka. Kwa hiyo aliyepima kwa Kiswahili mwezi wa kwanza na kwa Kiingereza mwezi wa pili anaweza kuona "maendeleo" ambayo ni ya lugha tu.

Angalia pia sita na tisa: silabi zinakaribia kuwa zilezile zilizogeuzwa. Nne na nane nazo zinakaribiana. Sauti zinazofanana huchanganyika kichwani, kwa hiyo orodha yenye sita na tisa pamoja ni ngumu kuliko inavyoonekana kwenye karatasi. Hakikisha orodha za kabla na za baada zina jozi hizo kwa kiasi kinacholingana.

Nikigawa tarakimu kwenye mafungu, ni udanganyifu?

Si udanganyifu, ni mbinu, na maishani itumie uwezavyo. Ila inapima kitu kingine. Anayesikia 1, 9, 6, 4 akashika "mwaka wa Muungano" ameshika kitu kimoja badala ya vinne, kwa msaada wa kumbukumbu ya muda mrefu.

Mfano mkubwa kabisa ulichapishwa mwaka 1980 na Anders Ericsson, William Chase na Steve Faloon. Mwanafunzi mmoja wa kawaida alianza na tarakimu 7, na baada ya takriban saa 230 za mazoezi alifika 79. Alikuwa mkimbiaji, akawa anazigeuza tarakimu kuwa muda wa mbio: 3492 ilikuwa dakika 3 na sekunde 49.2, karibu na rekodi ya dunia ya maili. Walipombadilishia, wakampa herufi badala ya tarakimu, alirudi kwenye 6 hivi. Kumbukumbu haikupanuka; alijenga kabati la kuhifadhia tarakimu, na herufi hazikuwa na droo humo.

Ukitaka kujua kama hilo limekupata wewe, pima tarakimu na herufi. Zikipanda zote, ni habari. Ikipanda moja, umepata mbinu.

Utafiti unasemaje: mazoezi haya yanaongeza akili?

Ule wa 2008 ulisema ndiyo: waliofanya mazoezi kwa siku 8, 12, 17 au 19 waliboreka katika mafumbo ya kufikiri, na waliofanya siku nyingi waliboreka zaidi. Uliamsha matumaini makubwa. Kisha wengine wakarudia. Thomas Redick na wenzake, mwaka 2013, walitumia vikao 20 vya mazoezi, wakaweka na kundi lililofanya mazoezi ya aina nyingine ili matarajio yasitofautiane. Waliofanya N-nyuma walipanda sana kwenye N-nyuma, na hawakupanda katika akili ya jumla. Mwaka 2016 Monica Melby-Lervåg, Redick na Charles Hulme walikusanya machapisho 87 yenye ulinganisho 145. Matokeo: unaboreka katika kazi zinazofanana na zoezi, lakini ushahidi wa kuboreka katika kusoma, hesabu au akili ya jumla hauonekani pale kundi la kulinganisha linapokuwa la haki.

Msimamo wetu ni huo. Fanya zoezi kama unalipenda, kama unataka dakika 25 za umakini usiokatizwa, au kama una hamu ya kujipima. Usilinunue kwa ahadi ya kufaulu mtihani. Januari 2016 kampuni inayomiliki Lumosity, programu ya mazoezi ya akili, ilikubali kulipa dola milioni 2 kumaliza madai ya serikali ya Marekani kwamba ilitangaza manufaa bila ushahidi wa kutosha. Kama una saa moja kwa siku na mtihani wa kidato cha nne uko miezi mitatu mbele, saa hiyo ni ya maswali ya mitihani iliyopita.

Lakini najihisi makini zaidi kazini. Hilo halihesabiki?

Liandike, ila kwa uangalifu. Cyrus Foroughi na wenzake, mwaka 2016, waliwaita watu 50 kwa matangazo mawili tofauti. Moja lilisema mazoezi yanaongeza akili, jingine lilitangaza utafiti tu bila ahadi. Wote walifanya zoezi lilelile kwa saa moja. Waliokuja kwa tangazo la ahadi walipanda sawa na alama 5 hadi 10 za kipimo cha akili, wengine hawakupanda. Saa moja haijengi akili. Matarajio yalifanya kazi hiyo.

Badala ya kuandika "najihisi makini", chagua tukio moja linalohesabika, kabla hujaanza mazoezi. Kwa mfano: kila unapoingiza tokeni ya umeme, umeangalia simu mara ngapi hadi kumaliza tarakimu 20? Au: kati ya vitu 6 ulivyotumwa sokoni bila karatasi, ulisahau vingapi? Andika kila linapotokea, hata siku usizopenda jibu.

Mwezi wa Ramadhani na zamu za usiku nifanyeje?

Usiache, weka alama. Andika R kwenye siku za mfungo na Z kwenye siku za zamu, na ulinganishe R na R, Z na Z. Anayefanya zoezi saa kumi na moja jioni, njaa na kiu vikiwa kileleni na usingizi umekatwa na daku, atashuka. Akilinganisha na Shaaban atajiona amerudi nyuma. Wengine huhamishia zoezi saa moja baada ya kufuturu. Sawa, mradi mwezi mzima uwe hivyo.

Linafaa kwa mzee anayeanza kusahau, au mtoto asiyetulia?

Kwa mzee mwenye afya halina madhara, ila asitarajie lieneze faida kila mahali. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002, wenye wazee 2,802 wa miaka 65 na zaidi, ulionyesha kila kundi likiboreka katika kile lilichofundishwa. Anayeuliza swali lilelile kila baada ya dakika chache, anayepotea njia ya msikitini au kanisani aliyoizoea, au anayeshindwa kuhesabu fedha alizokuwa akizihesabu, apelekwe hospitali. Shinikizo la damu, kisukari, dawa, upungufu wa vitamini na msongo vinaweza kuhusika, na programu ya simu haivioni.

Mtoto asiyetulia aonwe na mtaalamu kwanza. Na usimfanyie daftari la alama za kumwaibisha mbele ya ndugu zake.

Nikiruka siku, nifidie kesho?

Hapana. Andika tarehe, weka kistari, endelea na raundi zilezile. Ukiruka zaidi ya siku 7, siku 2 za kwanza za kurudi ziandike lakini usiziingize kwenye namba ya wiki.

Niendelee hadi lini?

Weka wiki 8 tangu mwanzo na uandike tarehe ya mwisho kwenye jalada la daftari. Siku hiyo weka mezani vitu vitatu: namba za kati za wiki, orodha za tarakimu na herufi za kabla na baada, na lile tukio ulilokuwa ukilihesabu. Kama N imepanda na vingine viwili vimebaki palepale, umepata jibu kamili, na dakika 25 zako ziko huru kwa jambo jingine. Kama vyote vitatu vimepanda, simama wiki 4 bila zoezi, kisha rudia tarakimu, herufi na lile tukio, kwa saa ileile, kwa lugha ileile, ukisomewa na mtu yuleyule.